Wa Kwanza Kupanda Lifti ya Kasulu

Tangu haisi ilipotoka Kibondo, jamaa wa kiti cha mbele yangu hakufunga mdomo. Alishajitambulisha mara tatu: Bazilio, fundi lifti, na kesho hoteli ya ghorofa nne pale Kasulu inazindua lifti aliyoifunga yeye. Akamfungulia mama aliyeketi naye kitabu cha chama cha mafundi lifti. "Zamani kila fundi alifunga nyaya anavyojua, mama. Watu wakaumia. Ndipo mafundi wakaungana, wakaandika kanuni. Sasa lifti inapimwa kwa mizigo kabla mtu hajaingia." Neno "kanuni" alilitamka kama wengine wanavyomtaja mchumba.

"Ego," mama akaitikia, macho yakimng'aa. "Sisi wa Makere tuna chama cha wachimba visima. Kitabu hatuna. Aliyefunga kamba ndiye anayeshuka wa kwanza. Mwaka wa kumi na mbili huu, nafunga mimi. Kesho unapanda wa kwanza wewe?"

"Hapana, mama. Anapanda mgeni rasmi."

"Kwani nyaya kafunga yeye?"

Bazilio akarudi kwenye kitabu, akitafuta ukurasa. Alikuwa bado anatafuta tuliposimama stendi ya Kasulu. Akajibana ili mama apite. Mama hakuinuka.

"Tangulia kushuka wewe, fundi."