Sylvain Balagizi, Aliyejifunza Kupanda Ngazi Taratibu

Ndugu waombolezaji na majirani wa Dzaleka, tunayemsindikiza leo, Sylvain Balagizi, alizaliwa Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa seremala. Mama yake alikuwa akisema mwanawe huyu alitembea kabla hajajua kukaa.

Alisoma shule ya misheni hapohapo Kadutu hadi 1962. Masista walimpa kazi ya kupiga kengele, maana kila walipogeuka yuko mlangoni tayari. Baadaye alijifunza ushonaji, na mwaka 1970 akaenda Bujumbura, akafungua duka lake Buyenzi. Alikuwa fundi mzuri mwenye haraka mbaya. Kuna bwana harusi aliyeshonewa mkono wa koti akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa, padri anangoja.

Tarehe 9 Agosti 1975 alimwoa Générose Kankindi. Générose alikubali kwa sharti moja: “We utanioa, lakini kanisani tutatembea, hatutakimbia.”

Vita viliwatoa Bujumbura. Walipitia Tanzania, wakafika kambini hapa Dzaleka, Malawi, Februari 1995. Kabla hata nyumba haijaezekwa, Sylvain alikuwa ameazima cherehani, leo yuko sokoni kambini, kesho yuko Chilinde, mjini Lilongwe, anatafuta wateja.

Mwezi wa Juni alianza kukohoa damu. Picha iliyopigwa Lilongwe ilionyesha uvimbe kwenye pafu la kulia. Daktari wa upasuaji, aliyewahi kufanya kazi Kigoma na kujua Kiswahili, alimweleza wazi: “Kuutoa naweza. Lakini sijui kama pafu litakalobaki na moyo wako vitakubeba baada ya kisu. Twende kwenye ngazi. Panda kwa mwendo wako, usipumzike, mimi niko nyuma yako.”

Sylvain alizipanda kwa mbio. Kabla ya ghorofa ya kwanza alikuwa ameshika ukuta, midomo imebadilika rangi.

“Siwezi kukupasua,” daktari alisema. “Utabaki mezani.”

“Dokta, mi nilikimbia. Njo vile niko, siku zote.”

Daktari alimtazama Générose. Akasema Sylvain aache sigara, atembee kila siku, arudi baada ya wiki kadhaa.

Zilikuwa wiki ngumu nyumbani kwao. Sylvain hakushikwa na usingizi, aliamka, akakaa, akaamka tena. Kila asubuhi wawili hao walitembea barabara ya kwenda Dowa. Akiongeza mwendo, Générose anamshika shati kwa nyuma. “Papa Arlette, nani anakufukuza?” Watu walicheka, yeye alinuna, lakini alipunguza.

Waliporudi Lilongwe, Générose alipanda ngazi pamoja naye, mkono kwenye shati. Walipofika katikati daktari akasema, “Mama, mwachie. Nataka nione mwendo wake mwenyewe.” Générose hakutaka. Alijua akimwachia mumewe atakimbia, na akikimbia basi. Daktari akangoja. Mwishowe vidole vikafunguka.

Sylvain hakukimbia. Alipanda hatua kwa hatua, akivuta pumzi kwa sauti, mpaka ghorofa ya pili. Hakusimama hata mara moja. Daktari alimshika mkono akasikiliza mapigo, kisha akasema, “Hatari bado ipo, lakini sasa nakubali.”

Alipasuliwa tarehe 21 Novemba 1995, akapona. Tarehe 6 Julai 1996 alimpeleka binti yake Arlette kanisani kuolewa, kwa miguu. Aliposimama kupumua, msafara mzima ulisimama, na hakuna aliyemhimiza.

Septemba uvimbe ulirudi, safari hii pande zote mbili. Daktari hakumwambia apande ngazi. Siku za mwisho hakutulia. Godoro lilihamishwa kutoka mlangoni hadi ukutani, likarudishwa.

“Unatafuta nini?” Générose alimuuliza.

“Mahali penye hewa.”

Alimwinua, akamwegemeza kifuani mwake. Hapo ndipo alipotulia, na hapo ndipo alipofia, asubuhi ya Jumapili, tarehe 8 Desemba 1996.

Ameacha mjane, Générose. Watoto, Arlette na Épitace. Mkwe wake, Vainqueur. Na dada yake Louise aliyebaki Bukavu, ambaye tangu vita vya Oktoba hatujui yuko wapi. Popote alipo, msiba huu ni wake pia.

Bwana ampokee Sylvain, ampumzishe, amrudishie pumzi yake yote.