Kesi ya Mashine Isifutwe

Sogeeni, wanangu, na wewe Eveline funga huo mlango kwanza, maana siku hizi kila anayekuja kunijulia hali ananiuliza habari za kesi kabla hajaniuliza kama nimekula. Padri ameshanipaka mafuta, sina tena wa kumwogopa. Nyumba hii ni ya mama yenu. Mashamba ya Mchombe mgawane sawasawa, wa kike na wa kiume, na ule ugomvi wa mpaka na shangazi yenu Leticia msiufufue, nilishamsamehe. Mashine ya kukoboa mpunga haigawanywi.

Mnajua tuliomba ruzuku ya serikali, ile ya viwanda vidogo, tuongeze mashine ya kupanga mchele kwa madaraja ya ubora, ili mchele wetu uache kwenda kufungashwa mjini kwa majina ya watu wengine. Tukanyimwa, na ndiyo kesi yenyewe hii. Wakasema kiwanda chetu hakifanyi kazi, kiwanda kilichowasomesha ninyi nyote. Walikuja kukagua siku ambayo mzee Salvatory, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amelala ndani hajazikwa, na hapa kwetu marehemu akiwa bado ndani hakuna jirani anayewasha mashine. Wakakuta kimya, wakapiga picha, wakaondoka, sisi tumekaa kwenye turubai la msiba. Hadi leo najiuliza nani aliwaambia waje siku ile.

Beno, inua uso. Wewe ndiye uliyewapokea getini. Unasema uliona aibu kuzungumza biashara msibani, ukadhani turubai wameliona wenyewe. Pengine ni kweli. Lakini yule bwana wa gari jeupe, mtu wa hao hao waliotunyima, alipotuletea matunda na maneno matamu, kwamba tukiifuta kesi tutafikiriwa upya kimyakimya, ni wewe uliyesema, "Baba, tukubali, yaishe." Yaishe kwa faida ya nani? Nimekushuku, mwanangu, na kukushuku kumeniuma kuliko huu ugonjwa.

Wakili Restituta alinieleza nikamwelewa. Jaji kule Morogoro hatatupa ruzuku, hiyo si kazi yake; yeye anapitia tu kama walionyima walifuata haki, kama walitusikiliza kabla ya kutukatalia. Hawakutusikiliza. Akiridhika na hilo atalitengua lile jibu lao na kuwaamuru waamue upya. Mkiifuta kesi, jibu linabaki, na kila ofisi mtakayobisha hodi italikuta limewatangulia. Niliifungua kwa jina la kampuni makusudi, ili isife pamoja nami, asitokee mtu wa kungoja nife naye apumue. Basi msisaini kitu chochote bila Restituta kuwepo, hata kama anayekileta ni ndugu, hata kama analia.

Nipe maji, Eveline. Kidogo tu.

Sasa la mwisho. Nikikata roho, yule wa gari jeupe atajua kabla ya majirani. Watakuja na simu zao, waipige picha mashine iliyozimwa, wampelekee jaji waseme, si mnaona. Kwa hiyo msiizime. Najua watu wa hapa mtaani Lipangalala watasema watoto wangu hawana adabu. Waambieni nimesema mimi, mwenye neno anifuate huko niliko. Mimi nimelala sebuleni, nyie mpunga ukobolewe mchana kutwa. Na atakayeiwasha si Eveline, wala si fundi. Ni Beno, mbele ya watu wote. Ukiiwasha, mwanangu, nitajua nilikukosea, nami nitakuombea msamaha kwa Mungu mwenyewe.

Mungu awape mvua kwa wakati wake... na usingizi mzuri. Mpendane. Mama yenu asilale njaa... asilale peke yake.

Eveline, fungua mlango sasa, waingie wanaotaka. Ufunguo wa mashine uko hapa, chini ya mto. Beno, baba... njoo uuchukue mwenyewe. Mkono wangu hauinuki.