Mbona Mabaharia Hawapimwi?

Ndani ya gari la farasi mjini Plymouth, Keziah Trewin alimsikia mzee mmoja akimwambia mshonaji aliyeketi mbele yake, "Binti, sheria ya kuwapima malaya inawakinga mabaharia wetu na maradhi."

"Malaya nani? Nilikuwa natoka zangu kazini, nikakamatwa na askari kanzu, nikavuliwa nguo, nikapimwa kama ng'ombe wa mnadani! Hao mabaharia, baba, mbona hawapimwi?"

"Wataona haya."

"Ala! Kumbe haya wanayo wao tu?"

Mzee akaona afadhali atazame dirishani. Gari liliposimama, askari kanzu alikuwa pale chini, akimkodolea macho mshonaji. Keziah hakuwa amefika kituo chake, lakini alimshika mkono binti yule asiyemjua, wakashuka pamoja.