Kitovu cha Spika

Kijiwe chetu ni baraza la nyumba yangu, saruji tupu inayotazama barabara. Jumamosi hiyo birika la Mama Kahawa lilikuwa limejaa, na katikati yetu spika ya dada yangu imelala chali kama mgonjwa. Saa kumi bintiye anaolewa, na muziki wote ni spika hiyo. Nakiri: nikiipangusa vumbi, dole gumba langu lilikididimiza kile kikofia cha katikati, sisi tunakiita kitovu. Ikaanza kukoroma. Dada alipopiga simu, mimi wanayeniita Mchamungu nikamjibu, “Sijaigusa.” Mungu anisamehe.

— Kimekakamaa hicho, akasema Mama Kahawa. Kipeni mvuke.

Akakiwekea birika, kikatota jasho jeusi.

— Sasa kinavutwa kwa mdomo, akasema Kinyozi. Mimi nimevuta sigara miaka ishirini, mapafu ninayo!

Akavuta mpaka macho yakamtoka. Kitovu kimya.

— Mapafu ya kuazima hayo, akadakia Pancha, fundi baiskeli. Upepo ni kazi yangu. Mchamungu, wimbo wa mwisho ulikuwa upi?

— Sikumbuki. Ulikatika katikati.

— Si ndiyo hiyo! Nusu ya wimbo imebaki humo, inakivuta kwa ndani!

— Ivute basi, tuisikie! akasema Kinyozi.

Pancha akavuta, akakohoa.

— Nusu ya wimbo umeimeza wewe, akasema Mama Kahawa. Mchamungu, dhambi yako, mdomo wako.

Nikaomba dua fupi, nikavuta. Pu! Kitovu nje. Tukawasha: sauti safi kama maji. Pancha akacheza na stuli.

Katika shangwe hiyo dada akatokea.

— Kaka, spika yangu nzima?

— Nzima kabisa, dada. Haijaguswa.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa mbona wanaume watatu mna duara jeusi mdomoni?

Kinyozi akatazama juu. Pancha akajifuta kwa mkono wa grisi, duara likanenepa. Mama Kahawa akajifanya anamimina kahawa: tone halikutoka, yote ilikwishia kwenye mvuke.

— Dada, nimekudanganya mara mbili, nikasema. Kitovu nilikididimiza mimi. Nisamehe.

Akacheka mpaka akakaa chini.

— Nimekusamehe. Ila usinawe.

Saa kumi nikashika maikrofoni kuwakaribisha wageni, mjomba mzima wa bibi harusi, mdomo kama tairi.