Fundi Rejesha, Aliyeliazimisha Jeshi Binti Yake

Ndugu, jamaa na majirani, anayewasomea maneno haya ni kifungua mimba wa marehemu. Mchapaji ametuonya kwamba wasifu usizidi kurasa mbili. Marehemu mwenyewe hakuwahi kumaliza kitu kwa haraka, hata kikombe cha chai, kwa hiyo mtatuvumilia.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Agosti 1958, katika nyumba ya tatu nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili na wa mwisho wa mpagazi wa stesheni hiyo. Utoto wake wote alilala kitanda kimoja na kaka yake, na alizoea kusema kwamba alijifunza kusoma saa kwa mlio wa garimoshi. Majirani wengi mlimfahamu kwa jina la Rejesha. Hilo jina tutalieleza, maana hakupewa bure.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kufika kidato cha tatu. Alikuwa na mwandiko mzuri kupita kiasi. Mwalimu wake wa darasa la tano alikuwa anamwita ubaoni amwandikie tarehe. Shule ilikatika mwaka 1974, na sababu yake inabidi isemwe, kwa kuwa marehemu aliibeba maisha yake yote. Mwaka uliotangulia, kaka yake alijiunga na jeshi. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikwenda kwa sababu ya buti. Alikuwa hajawahi kuvaa kiatu kipya. Baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu lilirudi sanduku lake la bati, bila yeye, lenye mashati mawili, kiwembe, na nakala ya karatasi ambayo mzee mpagazi alikuwa ameitia dole gumba bila kujua imeandikwa nini. Marehemu, kijana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyemsomea baba yake kwa mara ya kwanza: “Nakubali kumtoa mwanangu kwa utumishi wa jeshi.”

“Soma tena hapo,” mzee akasema.

Akasoma tena.

“Kumtoa? Mbona mimi waliniambia atarudi?”

Marehemu hakurudi darasani. Mwezi huohuo alikwenda kujifunza useremala kwa fundi mmoja wa makabati, akakaa kwake miaka saba, na mwaka 1981 akafungua karakana yake mwenyewe, hii ambayo wengi wenu mmepita mbele yake mkija hapa. Ametengeneza milango, madawati, vitanda na meza ambazo baadhi yenu mtakwenda kulia chakula leo. Alichukia misumari. Ukimwambia apige msumari mmoja tu kazi iishe, alikuangalia kana kwamba umemtukana mama yake.

Na sasa hilo jina. Katika ukuta wa karakana kila zana ina msumari wake (misumari pekee aliyoikubali), na nyuma yake umbo lake limezungushiwa penseli: msumeno una umbo lake, patasi ina lake, randa ina lake. Tuliyaita vivuli. Ukija kuazima, unaandika jina lako kwa chaki ndani ya kivuli. Ukirudisha, fundi anaiweka zana juu ya kivuli chake, anaikagua kama imepungua popote, ndipo anafuta jina kwa kitambaa. Usiporudisha, anakufuata kwa miguu mpaka mlangoni na kusema neno moja tu: “Rejesha.” Aliwahi kumfuata mtu arusini kwake. Yule bwana arusi yupo hapa leo, na amepunguza kutuangalia.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 4 Juni 1988 na karani wa masjala ya idara ya maji. Walikutana kwa sababu ya droo ya mafaili iliyogoma kufunguka. Ilikuwa kazi ya saa moja. Marehemu aliifanya kwa siku nne. Siku ya nne karani akamwambia, “Fundi, hii droo ilifunguka tangu juzi. Kama una la kusema, sema.” Akasema. Walijaliwa watoto wawili: huyu anayesoma, aliyezaliwa mwaka 1989 na kubaki karakana mpaka leo, na binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1991, ambaye sote tunamwita Futi kwa sababu tangu alipoanza kutembea alikuwa akipita na futi ya baba yake akipima kila kitu, pamoja na wageni.

Futi alifaulu kidato cha sita mwaka 2010 na kupata nafasi ya kusomea uhandisi chuo kikuu. Nafasi ilikuwepo, uwezo wa kulipa ada haukuwepo. Kisha Jumatatu tarehe 16 Agosti akaja na fomu ya kurasa sita. Jeshi lilikuwa linatafuta vijana wa sayansi wa kufunzwa uofisa. Lingewasomesha chuo kikuu miaka minne, nao wakihitimu wangelitumikia miaka kumi. Alikuwa ameshajaza kila kitu kwa herufi kubwa, mpaka urefu wake kwa nusu sentimita. Ilibaki saini moja, ukurasa wa tano. Marehemu akafunua ukurasa huo akasoma: “Mimi mzazi, kwa hiari yangu, nakubali kumtoa mwanangu kwa utumishi wa jeshi.” Miaka thelathini na sita ilikuwa imepita na hawakubadilisha hata neno.

Aliifunga fomu, akaiweka rafuni juu ya jiriwa anayobania mbao, akaendelea kupiga randa.

Ikakaa pale siku kumi. Sisi tulioishi nyumba ile tunajua zilikuwa siku za namna gani. Futi alikuwa anafagia karakana mara tatu kwa siku ili apate kuiangalia fomu.

“Baba, fomu inatakiwa Ijumaa.”

“Ijumaa haijafika.”

“Baba, mimi siendi kufa. Naenda kusoma.”

“Hata kaka yangu hakwenda kufa,” marehemu akamjibu. “Alikwenda kuvaa viatu.”

Binti akatoka nje. Mama yake, aliyekuwa ameleta chai, alisimama mlangoni na sinia mkononi. “Mzee,” akasema, “ukinyamaza hivi, ujue umeshamjibu mtoto.” Marehemu akachukua ubao na msumeno. Lakini mwanawe wa kiume, aliyekuwa anapiga msasa pembeni, alimwona ameshika ubao uleule kwa nusu saa bila kuukata. Aliogopa kumpoteza binti yake, na aliogopa pia kuwa yeye ndiye atakayemfungia mlango. Hofu zote mbili zilikuwa za kweli, na hapakuwa na mtu wa kumsaidia kuchagua.

Alhamisi tarehe 26, mchana, akatuita sote. Fomu ilikuwa mezani, imesainiwa kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Futi alishangilia kabla hajaangalia vizuri. Mama, mtu wa masjala, aliangalia vizuri.

“Mungu wangu! Umefanya nini hapa?”

Marehemu alikuwa amelikata neno “kumtoa” kwa mstari mmoja, umenyooka, umepigwa kwa rula. Juu yake ameandika: “kumwazimisha”.

“Miaka ishirini na mitano niko masjala, sijaona fomu ya serikali iliyofutwa-futwa ikapita!”

“Sijafuta. Nimesahihisha.”

“Baba, wataitupa,” Futi akasema. “Hakuna fomu nyingine. Ni kesho!”

“Wakiitupa, watakuwa wamesema kweli kwamba hawarudishi,” marehemu akasema. “Mimi simtoi mtu. Kwetu tulishamtoa mmoja.”

Hapo hata mama alikaa chini. Futi aliichukua fomu ile, akaenda nayo kesho yake jinsi ilivyokuwa, na hakuzungumza na baba yake kwa siku tisa.

Tarehe 21 Septemba, baada ya kupimwa afya na kukimbizwa uwanjani, aliitwa mbele ya jopo la maofisa watano. Yaliyotokea ndani tuliyapata kwake mwenyewe, na ameyarudia mara nyingi kiasi kwamba hata watoto wa jirani wanayajua. Mwenyekiti, ofisa mwenye mvi na miwani, alifika ukurasa wa tano akasita.

“Nani ameandika hapa?”

“Baba yangu, afande.”

“Ni mwanasheria?”

“Seremala, afande.”

Maofisa wengine wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. “Jeshi haliazimi watu, binti. Linawachukua. Unalijua hilo?”

“Najua, afande. Lakini karakana kwetu anayechukua kitu anaandika jina lake ukutani, halafu anarudisha.”

“Na asiporudisha?”

“Anafuatwa, afande.”

“Na nani?”

“Na baba, afande. Kwa miguu.”

Anasema mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akachukua kalamu, akaweka saini yake fupi ubavuni mwa ule ukurasa, pale palipokatwa, akasema, “Anayefuata.”

Futi alirudi nyumbani analia, akijua ameshaharibikiwa. Alipofika kwenye habari ya ile saini, mama aliruka kutoka kwenye kiti. “Ubavuni? Aliweka saini ubavuni? Jamani! Marekebisho yakisainiwa ubavuni ni halali!” Akatoka hivyohivyo, bila viatu, akawaambia majirani kwamba jeshi limeazima mwanawe kihalali. Barua ya kukubaliwa ilikuja baada ya wiki sita. Marehemu aliisoma mara mbili, akaikunja.

“Basi wamekubali,” akasema.

Asubuhi ya tarehe 10 Januari 2011, Futi akiwa amebeba begi lake, marehemu alimwita karakana. Akamwambia aweke kiganja ukutani, pale palipokuwa na nafasi kati ya patasi na timazi. Akakizungushia penseli taratibu, kidole kwa kidole, halafu ndani yake akaandika kwa chaki: JESHI. Kila mwaka chaki ilipofifia aliiandika upya, na wateja wapya walipouliza jeshi limeazima zana gani yenye vidole vitano, aliwaambia, “Futi.”

Futi alihitimu uhandisi mwaka 2015 na kuvishwa cheo tarehe 28 Novemba mwaka huo. Leo ni kapteni. Ametumwa kujenga madaraja mahali ambapo hakuruhusiwa hata kutuandikia panaitwaje, na kwa miezi hiyo marehemu alikula kwa kusukumwa. Hakuwahi kumwambia binti yake arudi; alikuwa akihesabu siku tu.

Marehemu alianza kukohoa Februari 2024. Madaktari walisema ni mapafu, vumbi la mbao la miaka hamsini. Aliendelea kwenda karakana, akakaa kwenye kigoda na kumkosoa mwanawe, kazi ambayo aliiweza mpaka mwisho. Tarehe 19 Mei mwaka huu wa 2025 alilazwa. Futi akaomba ruhusa, akafika Jumamosi tarehe 7 Juni, saa nane mchana, akiwa na sare yake.

Marehemu alimtazama muda mrefu. “Umerudi,” akauliza, “au umekuja?”

Tulitamani Futi adanganye. Hakudanganya. “Nimekuja, Baba. Imebaki miezi mitano na wiki tatu.”

“Lete mkono.”

Akaulaza mkono wa binti yake juu ya shuka, akaupitishia kidole pembeni, kidole kwa kidole, taratibu kama siku ile. Alipumzika mara mbili kabla hajamaliza.

“Haujapungua,” akasema. “Mimi nimeshapokea.”

Futi akalia kama mtoto, ofisa mzima na nyota zake begani. Akauliza kama akafute lile jina ukutani. Marehemu akatikisa kichwa. “Siku haijafika. Ukifuta leo, mama yako atasema si halali.” Yalikuwa miongoni mwa maneno yake ya mwisho kueleweka. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita.

Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kiume, binti mmoja ambaye bado yuko kwa mwazimaji mpaka tarehe 28 Novemba, mkwe mmoja na wajukuu wawili. Sanduku hili limetengenezwa na mwanawe. Halina msumari hata mmoja.

Neno la mwisho ni la mama. Wiki hii nzima wageni wamekuwa wakimfariji kwamba Mungu alituazimisha tu huyu mzee, na sasa amemchukua aliye wake. Jana mama akajibu, “Mbona mimi sikusaini popote?” Na leo asubuhi, kabla sanduku halijafungwa, aliomba penseli ya karakana na ubao mwembamba, akaulaza mkono wa mume wake juu yake, akauzungushia mwenyewe. Ubao huo tumeutundika kando ya kivuli cha Futi. Ndani yake hakuna jina. Mama amesema chaki asiiguse mtu. Ataandika yeye, siku atakayokuwa tayari kusaini.

Mpaka hapo, fundi, pumzika. Karakana imefagiwa, na zana zako zote ziko mahali pake, isipokuwa randa kubwa. Aliye nayo tunamjua, na yupo hapa. Rejesha.