Mzee Majeruhi, Aliyeanguka Mara Thelathini na Mbili

Ndugu waombolezaji, majirani na jamaa wote mliofika, marehemu aliacha agizo kwamba historia yake isianze na kuzaliwa, kwa sababu, alisema, kila mtu amezaliwa na hakuna la ajabu hapo, basi familia inaanzia pale alipotaka, yaani Jumatano ya tarehe 9 Oktoba 2002, saa nne kasorobo asubuhi, uani kwake, ambapo mke wake alikuwa amekunja sketi hadi magotini, anakanyaga mablanketi kwenye karai la bati, moja limeshaanikwa na mawili yanangoja, mlinzi wa chuo akaingia anahema kama aliyekimbizwa na nyuki.

"Shemeji, mzee kaanguka chuoni."

"Leo kavunjika nini?" Mama akauliza, hata kichwa hakuinua.

"Safari hii kaanguka kweli."

"Hata mwezi wa tatu ulikuja na maneno hayohayo, akarudi na rangi nyekundu shati zima, na aliyefua shati ni mimi, si wewe."

Mlinzi akabaki anapapasa kofia yake, Mama akasuuza blanketi la pili, akalikamua, akalianika, akalishika la tatu, na hapo ndipo mlinzi alipolitoa neno alilokuja nalo: "Wamemwambia inuka, Shemeji. Hakuinuka."

Mama aliacha bomba linamwaga maji, akatoka mbio na povu miguuni.

Sasa, ili kila aliyepo afahamu kwa nini neno hilo moja lilimtoa mbio mtu ambaye hata mvua ikimkuta sokoni huwa hakimbii, inabidi turudi nyuma, na marehemu atusamehe, tupitie na kuzaliwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa baba fundi viatu na mama mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1965, na cheti chake, ambacho bado tunacho, kimeandikwa kwa mkono wa mwalimu mkuu, "Ana bidii lakini hubishana," na familia haina la kuongeza.

Mwaka 1966 alianza kazi kwenye kitalu cha miche, akajifunza kupandikiza na kupogoa, na tarehe 2 Januari 1974 akaajiriwa kuwa mtunza bustani wa chuo, kazi aliyoifanya miaka thelathini na saba bila kupewa hata barua moja ya onyo, ingawa yeye mwenyewe aliandika kadhaa, kwa wahadhiri waliokuwa wakikatiza kwenye nyasi.

Mke wake alimpata palepale chuoni, alikuja kupima mapazia ya ukumbi mkubwa, akarudi nyuma kuangalia kama yamekaa sawa, akakanyaga miche kumi na miwili ya maua, wakagombana wiki tatu mfululizo, ya nne marehemu akapeleka posa, wakafunga ndoa tarehe 18 Septemba 1976, wakajaliwa watoto wanne, binti mkubwa mwaka 1978, mapacha wa kiume mwaka 1981, na kitinda mimba, binti, mwaka 1988, na baadaye wakaongezeka wakwe wawili na wajukuu watatu, ikawa nyumba ya watu kumi na mmoja, na hesabu hiyo tafadhali ishikeni, tutairudia.

Tarehe 22 Novemba 1993 pazia la maabara ya chuo lilishika moto, ukazimwa kwa ndoo nne za maji na hakuna aliyeumia, lakini fadhaa iliyotokea siku ile ilikuwa ya kuonewa aibu, kila mtu alikimbilia kwake, mhadhiri wa hesabu aliruka dirishani akatua kwenye kitalu cha marehemu, na kwa saa tatu nzima watu walipekua majivu wakimtafuta mkutubi, wengine wameshaanza kulia, mpaka mkutubi mwenyewe akatokea langoni, ametoka kunyoa. Marehemu aliyesimama pembeni na mpira wake wa maji alisema kanuni ambayo sisi tumelelewa nayo, kwamba aliyejulikana alipo hajapotea, na kwamba shida ya chuo hiki si moto, shida ni kutojua nani yuko wapi.

Chuo kikaunda kamati ya dharura, wakapanga kufanya zoezi mara mbili kila mwaka, mwezi wa tatu na wa kumi, na la kwanza likawa Ijumaa ya tarehe 11 Machi 1994, lakini alihitajika mtu wa kujifanya ameumia, wanafunzi wakachekacheka, wahadhiri wakasema heshima zao haziwaruhusu kulala chini, ndipo mkuu wa chuo akamnyooshea kidole mtunza bustani.

"Wewe utakuwa majeruhi."

"Naumia wapi?"

"Popote."

"Popote si mahali, Mkuu. Mguu upi, na umevunjika juu ya goti au chini?"

Huo ndio mwanzo wa jina la Mzee Majeruhi, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina lake, maana kazi ile aliifanya kwa moyo kuliko hata bustani, alichagua mwenyewe pa kuanguka, leo nyuma ya jukwaa, mwakani chooni, akavaa shingoni kadi ya kueleza alivyoumia, akapiga mayowe yaliyosikika hadi barabarani, kisha baada ya zoezi alizunguka kuwaeleza watu makosa yao mmojammoja, nani kambeba kichwa chini miguu juu kama mbuzi, nani kamfunga bendeji mguu mzima akauacha uliovunjika.

Mwezi Oktoba 1995 alianguka chini ya ngazi za bweni la wanawake, watu wakahesabiwa, msomaji wa orodha akatangaza wote wapo, wakaenda zao kunywa chai, marehemu wakamsahau, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia zoezi limekwisha yeye hakuinuka, akalala pale saa mbili na dakika arobaini, mfagiaji akamkuta, akamsihi ainuke, akakataa katakata, "Wewe si kamati, kamwite Mkuu," ikabidi mkuu wa chuo aje na kikombe mkononi, aseme mbele ya mashahidi, "Zoezi limekwisha, inuka." Tangu siku hiyo ikawa kanuni, hakuna zoezi linalokwisha mpaka Mkuu atamke maneno hayo juu ya kichwa cha mtunza bustani, na mtunza bustani ainuke kwa miguu yake.

Nyumbani nako hatukupona, mlimao ulio karibu na geti ukawa kituo cha kukusanyika, na jioni hakuna aliyetia mkono kwenye chakula kabla ya kuhesabiwa, Mama alilalamika kwamba ugali unapoa, marehemu akamjibu kwamba ugali hupashwa moto, mtu hapashwi.

Tunarudi sasa tarehe 9 Oktoba 2002, ambayo kwa hesabu ilikuwa mara yake ya kumi na nane. Kufikia wakati huo majeruhi walikuwa wengi, wanafunzi waliopakwa rangi, yeye akiwa mkubwa wao, na kadi yake siku hiyo ilisema "kaungua mkono," yaani alitakiwa apige kelele, lakini saa tatu na dakika thelathini na tano, kabla hata kengele haijagongwa, alianguka karibu na bomba la bustani, kimya. Waliopita walicheka, "Mzee leo kazidisha," mmoja hata akapiga makofi. Alikuwepo mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye mwezi wa tatu mwaka huohuo alimkimbilia aliyekuwa akilia akamruka marehemu aliyelala kimya chini ya meza, marehemu akamwambia mbele ya wenzake, "Binti, anayepiga kelele anapumua, mfuate aliyenyamaza," na binti yule alikwenda kulia chumbani kwa aibu, lakini neno lilimwingia, sasa akasoma kadi, akasikiliza, hakusikia mayowe, akapiga magoti, akaweka viganja kifuani kwa marehemu, akaanza kubonyeza na kuhesabu kwa sauti.

Kengele ikagongwa, Mkuu wa chuo akafika na saa yake mkononi, akafurahi kuona mambo yanakwenda vizuri, akatamka, "Zoezi limekwisha, inuka." Akatamka tena. Hapo ikasikika sauti ya binti peke yake, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, na baada ya hapo kila mtu alifanya alichokuwa amekifanya mara nyingi kwa mchezo, machela ikaja upande wa kichwa, muuguzi wa zahanati akapokea kubonyeza, gari la chuo lilikuwa limeegeshwa pua ikitazama lango, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza, mlinzi akahangaika kidogo na kufuli, wakafika hospitali dakika ya kumi na nne, na madaktari wakaushika moyo uliokuwa unaondoka wakaurudisha.

Mama alifika hospitali na miguu imekaukiwa na povu, akakaa pale siku mbili, siku ya tatu marehemu akafumbua macho, na neno lake la kwanza halikuwa la mapenzi.

"Dakika ngapi?"

"Kumi na nne," Mama akajibu.

"Mmechelewa langoni."

Ndipo Mama akakiri kwake kwamba hata yeye alichelewa, kwamba aliletewa habari akaendelea kufua, marehemu akauliza, "Uliyakamua?" akajibiwa mawili ndiyo, la tatu aliliacha kwenye karai, akasema, "Basi hilo la tatu ndilo langu," na blanketi hilo ndilo alilojifunika hadi mwisho, hakutaka jingine.

Alipumzika mwaka mmoja kwa amri ya daktari, akarudi mwaka 2004 kuendelea kuanguka, akastaafu tarehe 14 Machi 2011 akiwa ameanguka mara thelathini na moja kwa mchezo na mara moja kwa kweli.

Mwaka 2021 moyo ulianza kuchoka, akalazwa siku tisa, akarudi nyumbani na dawa za aina nne, akaendelea kubishana. Ijumaa ya tarehe 5 Aprili 2024 jioni alihesabu, akapata kumi, kitinda mimba alikuwa hajatoka kazini, tukasubiri sufuria zimefunikwa mpaka alipoingia akitupa viatu mlangoni, "Baba, mngekula tu jamani," naye akasema, "Kumi na moja, wote wapo, nawieni mikono." Kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi, Mama alikuwa anapiga pasi, mkwe wake mkubwa akamwita kutoka kibarazani, kwa sauti ya chini, na Mama alipoona hakuna kelele alijua, safari hii hakumalizia nguo, ila alichomoa pasi kwanza, maana angemkosea marehemu, akamkuta kitini amelala, blanketi magotini. Hakuanguka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu na siku ishirini na tatu, na kati ya hiyo, miaka ishirini na moja na nusu tulipewa na viganja vya yule binti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani walioleta viti kabla hatujaomba, wafanyakazi wenzake wa chuo, mlinzi ambaye siku ile alivumilia maneno ya Mama, na mwanafunzi yule wa mwaka wa pili, ambaye leo ni mwalimu wa jiografia, amesafiri siku mbili na amekaa mstari wa tatu, mwalimu, simama wakuone.

Jana jioni Mama aliandaa chakula, akapakua, akahesabu mwenyewe, akapata kumi, akahesabu tena, kumi, kisha akasema, "Wote wapo. Aliyejulikana alipo hajapotea. Kuleni." Tukala.

Mkuu wa chuo wa sasa aliomba aje atamke yale maneno kaburini, Mama amekubali, ila ameagiza yatamkwe nusu tu.

Zoezi limekwisha, Mzee Majeruhi. Pumzika.