Didas Kasiani Lyimo na Mbwa Waliokula Mkononi Mwake

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni Stanley, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasimulia maisha ya kaka yetu, na nitayasimulia pamoja na ubishi wake, maana hapa hakuna asiyeujua.

Marehemu Didas Kasiani Lyimo alizaliwa tarehe 9 Mei 1957 katika kijiji cha Kirua, Moshi, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Kasiani na Mama Sesilia, akasoma shule ya msingi hukohuko na kumaliza darasa la saba mwaka 1972, kisha akalima na baba yake mpaka mwaka 1979, alipokuja Dar es Salaam na kufikia kwa binamu yake Buguruni.

Mwaka 1981 aliajiriwa na kampuni moja ya ulinzi, akapelekwa kwenye mabanda ya mbwa kwa sababu moja tu, mbwa walipofunguliwa wenzake wote walikimbia, yeye akabaki amesimama, ingawa baadaye alimwambia mkewe kwamba miguu ndiyo iliyogoma. Mwalimu wake alikuwa Sajini mstaafu Godlisten, aliyefundishwa kazi hiyo enzi za mkoloni, na njia yake ilikuwa mnyororo, fimbo na njaa, mbwa amwogope mtu kwanza, mengine yatafuata. Marehemu aliishika njia hiyo, na mwaka 1986, baada ya wezi kuwaua mbwa wawili kwa nyama yenye sumu, akaongeza ya kwake, akawa anawatuma watu wageni wawape mbwa nyama iliyopakwa pilipili, na mbwa anayeigusa anachapwa, mpaka kila mmoja akawa hali chochote isipokuwa kutoka mkononi mwa bwana wake. Jina lake likavuma, na makampuni mengine yakawa yanaleta walinzi wao wajifunze kwake.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Demetria, hapo Mtoni, wakajaliwa watoto wawili, Edgar mwaka 1990 na Gladness mwaka 1994. Alistaafu mwaka 2017, wakahamia hapa Chamazi, akamlea mbwa wake wa mwisho, Meja, kwa pilipili ileile, na Mama Edgar, ambaye ameogopa mbwa tangu tumfahamu, akawa anapitia mlango wa mbele, mbali na banda, hata kwenda kuanika nguo.

Gladness naye akaifuata kazi ya baba, lakini si njia yake, kwani huko Kinondoni anafundisha mbwa kwa sifa na vipande vya firigisi. Marehemu aliita hiyo rushwa, akasema mbwa anayehongwa na mwalimu atahongwa na mwizi pia, binti akamjibu kwamba hata huko Ulaya kwa mkoloni ilikotoka ile fimbo wengi walishaiweka chini zamani, wakanuniana, mpaka mama yao akapiga marufuku habari za mbwa mezani.

Mwezi Januari 2025 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 3 Februari akalazwa Temeke. Kuanzia siku hiyo Meja hakula. Mama Edgar alimwekea chakula kwa mbali, mbwa akageuza uso, Edgar vivyo hivyo, hata jirani yetu Bi Rukaiya, ambaye hagusi mbwa kwa imani yake, alipitisha vichwa vya samaki juu ya ukuta, Meja hakuvitazama. Marehemu aliposikia, alichomoa dripu, akakutwa getini anakwenda nyumbani kulisha mbwa, akarudishwa, kesho yake akajaribu tena. Tuliingiwa na hofu kubwa, tukaona wazi kwamba tutawapoteza wote wawili.

Ndipo Gladness alipokwenda wodini kumwuliza baba yake ni neno gani linalomruhusu Meja kula kwa mtu mwingine. Marehemu akasema, "Hakuna neno, mama. Nilimfundisha kuogopa, kuacha kuogopa sikumfundisha. Jaribu ya kwako."

Kwa waliomfahamu, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Gladness akaomba ruhusa kazini, akaketi uani amempa Meja mgongo, hamwiti wala hamtazami, anaweka kipande cha firigisi nyuma yake na kukiacha hapo, mpaka Meja akakisogelea na kukichukua, na haikupita muda akala kiganjani mwake. Edgar alirekodi kwa simu, marehemu akaitazama video ile kitandani hadi chaji ikaisha, akacheka, na hakuigusa tena dripu. Alimwagiza binti yake jambo moja tu, amfundishe na mama yake kumlisha Meja.

Alifariki kwa utulivu alfajiri ya Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, akiwa amepatana na mwanawe. Tunalia, lakini hatufichi kwamba mioyo yetu imepoa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, pamoja na mlinzi wa getini, tunamshukuru Bi Rukaiya na majirani wote wa Chamazi, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliokesha nasi.

Kaka, leo asubuhi, kabla watu hawajajaa, Mama Edgar alikwenda bandani peke yake, akanyosha kiganja, na Meja akala mkononi mwake mpaka akamaliza. Pumzika sasa kwa amani, hakuna tena anayekusubiri umlishe.